Kabla Hujasema Spea Hakuna

Msikilizaji, mwenye injini kuukuu ya boti akiipeleka kwa fundi, kuna kauli anayoipokea mapema mno, mara nyingi kabla hata skrubu moja haijalegezwa: "Hii spea zake hazipo." Kauli hiyo ikishatoka, injini husogezwa ukutani, hufunikwa gunia, na baada ya miaka michache hupandishwa kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Leo nataka tuibishie kauli hiyo, na nitaishika sehemu moja tu ya injini: ile inayozaa cheche. Pistoni ikipasuka au krenki ikikatika, hapo kweli pana kazi nzito. Lakini cheche ikipotea, kilichokufa mara nyingi ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba, na kazi yake inaweza kufanywa na kitu kingine kilichotengenezwa kwa mashine nyingine kabisa.

Tuchukue injini moja halisi ili tusiongee hewani. British Seagull ni mashine ya kuning'iniza nyuma ya boti, ya Kiingereza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931. Za mwanzo zilitoka Wolverhampton, katika kiwanda cha John Marston, haohao waliokuwa wakitengeneza pikipiki za Sunbeam. Baadaye kazi ikahamia Poole, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na huko ziliendelea kutoka hadi miaka ya 1990. Ni mashine isiyo na madoido: silinda moja, hakuna kifuniko, tangi la mafuta liko wazi, na juu kabisa pana flaiwili. Unaizungushia kamba yenye fundo, unavuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza iliziagiza kwa maelfu kwa ajili ya majeshi yake. Ziko ambazo zina umri wa miaka 60 au 70 na bado zinasukuma boti.

Kwa miaka mingi Seagull ilipewa magneto, yaani kifaa cha kuzalisha cheche, ya Villiers, kampuni nyingine ya palepale Wolverhampton, iliyoanzishwa na huyohuyo John Marston mwaka 1898 kutengeneza vifaa vya baiskeli. Jina hilo la Villiers likariri, kwa sababu ndilo litakalotufungulia milango. Mtu akienda kutafuta pointi za Seagull kwenye maduka ya vifaa vya boti, atarudi mikono mitupu. Lakini Villiers hawakutengeneza magneto kwa ajili ya boti peke yake. Injini zao zilifungwa kwenye pikipiki, kwenye mashine za kukatia majani, kwenye pampu za maji na mashine za kuchanganyia zege. Kwa hiyo pointi na kondensa za aina hiyo zimelala katika maboksi ya wauzaji wa vifaa vya pikipiki za zamani, na kwa mafundi wa mashine za majani, watu ambao huenda hawajawahi kuiona bahari. Kabla ya kuuliza nani aliunda injini, uliza nani aliunda magneto. Jina lake hupigwa muhuri kwenye flaiwili au kwenye bamba lililo chini yake.

Sasa tuingie chini ya flaiwili, kwa sababu bila kuelewa kinachofanyika humo hatuwezi kujua nini kinabadilishika na nini hakibadilishiki.

Ndani ya flaiwili mna sumaku. Flaiwili inapozunguka, sumaku hupita mbele ya koili, ambayo ni nyaya za shaba zilizosokotwa kwenye kiini cha chuma. Koili ina mizunguko ya aina mbili: wa waya mnene, wa mamia ya duru, na wa waya mwembamba kama unywele, wa maelfu ya duru. Pointi, zile ncha mbili zinazogusana na kuachana, zikiwa zimegusana, umeme huzunguka katika ule waya mnene. Pistoni inapokaribia juu, pointi huachana ghafla. Umeme unakatika, nguvu ya sumaku iliyokuwa imejaa kwenye kiini inaporomoka, na mporomoko huo unazaa maelfu ya volti katika waya mwembamba. Volti hizo hazina pa kwenda isipokuwa kuruka mwanya wa plagi. Hiyo ndiyo cheche. Hakuna betri wala swichi wala kompyuta.

Na kondensa je? Pale pointi zinapoachana, umeme haupendi kukatika, unataka kuendelea kupita hewani kati ya pointi. Kondensa iko pembeni kama ndoo iliyotegwa chini ya bomba: inaupokea umeme huo kwa kitambo kifupi ili pointi zifunguke safi. Ikifa, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Pointi huanza kuungua, na cheche kwenye plagi hudhoofika. Ukiona mwanga mkali unarukaruka kwenye pointi wakati flaiwili inazunguka, mtuhumiwa wa kwanza ni kondensa.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, kuna jaribio lisilogharimu kitu, na mafundi wengi hulipita. Seagull za zamani zilikuwa zikila mchanganyiko wa sehemu 10 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, kwa sababu krenki yake inazunguka ndani ya bushi za shaba zinazotegemea oili hiyo. Bushi zikichakaa kidogo, ukungu wa oili hupanda juu na kutua kwenye pointi. Oili hiyo haionekani kwa jicho. Ukizitazama pointi utaona zinameta, utasema ziko safi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kadi ya mwaliko wa harusi inafaa sana, kiloweshe petroli kidogo, kipitishe katikati ya pointi zikiwa zimebana, ukivute taratibu. Kitatoka na mstari mweusi. Chukua kingine kikavu, rudia. Rudia tena mpaka karatasi itoke nyeupe. Kisha pima mwanya pointi zikiwa wazi kabisa: kwa Seagull ni inchi 0.020, yaani nusu milimita, na mwanya wa plagi ni huohuo. Nimeona injini iliyotangazwa kuwa imekufa ikitoa cheche ya buluu baada ya kipande cha kadi tu, na mwenyewe alikuwa tayari ameshaanza kuulizia bei ya koili.

Ikiwa pointi zina vishimo, zisugue kwa tupa laini kabisa, kidogo tu. Zikiwa zimeliwa mno na hupati nyingine, fundi mzuri wa pikipiki anaweza kuzichomoa zile ncha ngumu kutoka kwenye pointi za mashine nyingine na kuzibandika kwenye mkono wa zamani. Hiyo ni kazi ya mkono mtulivu. Kitu cha kulinda hapo ni urefu wa mkono na pale unaposuguana na kemu, kile kinundu kinachozifungua pointi, kwa sababu ndipo panapoamua cheche itoke saa ngapi.

Sasa kondensa, na hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anisikilize vizuri zaidi, maana ndiyo spea inayosumbua kuliko zote kwa injini za umri huu. Kondensa za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na foili iliyokunjwa ndani ya kopo dogo. Karatasi huzeeka hata ikikaa dukani ndani ya boksi lake. Kwa hiyo mtu anayesaka kwa miaka kondensa "halisi, mpya, haijatumika" ya mwaka 1955 anasaka kitu ambacho kikifika kinaweza kuwa kibovu kama alichonacho. Injini itawaka asubuhi ikiwa baridi, itakwenda dakika 20, ikipata joto itazimika katikati ya mkondo. Afadhali upate kitu kipya kinachofanya kazi ileile.

Kazi yenyewe ni ipi kwa hesabu? Karibu maikrofaradi 0.2. Hiyo ndiyo namba ya kubeba kichwani. Kondensa nyingi za magari ya zamani yenye pointi ziko hapohapo, kati ya 0.2 na 0.25. Kopo la gari halitaingia chini ya flaiwili ya Seagull, na si lazima liingie. Unaitenga kondensa ya zamani, kabisa, maana ikiwa imeungana kwa ndani itaua cheche hata ukiongeza nyingine. Kisha unatoa waya mmoja kutoka upande wa pointi usiogusa bodi, unaupitisha mbali na flaiwili, unaufunga kwenye kondensa mpya iliyobanwa nje kwenye chuma kisafi kisicho na rangi. Basi.

Ukitaka iingie palepale ilipokuwa, nenda kwa fundi wa redio na televisheni. Mwombe kapasita, ndilo jina lake la kondensa, ya filamu, ya maikrofaradi 0.22, ya volti 630. Usikubali ya volti 50 kwa sababu ni ndogo na rahisi. Pointi zinapofunguka, upande ule wa waya mnene hupata msukumo wa mamia ya volti, na kapasita dhaifu itatoboka. Hii ya volti 630 ni ndogo kuliko kopo la zamani, unaweza kuifungia ndani ya kopo lilelile, ukaijazia gundi ya epoksi, na mtu akifungua miaka ijayo ataona kopo la Villiers. Napenda sana njia hii. Inaiheshimu mashine bila kuikatalia uhai.

Plagi haina haja ya maneno mengi. Seagull nyingi zinatumia plagi ya nyuzi za milimita 18, Champion D16, wakati plagi nyingi za leo ni za milimita 14 au chini ya hapo. Kuna bushi za kupunguzia, nyuzi 18 nje na 14 ndani. Angalia urefu wa plagi: ikiingia ndani kuliko ile ya asili itagongwa na pistoni. Usitumie yenye rezista ndani, magneto ya zamani haina nguvu ya kupoteza. Na waya wa plagi uwe wa shaba ndani. Nyaya nyingi za magari ya siku hizi zina moyo wa kaboni, na skrubu ya magneto haiwezi kuung'ata vizuri.

Koili ndiyo inayotisha watu. Waya mwembamba ule ukikatika mahali pamoja, cheche imekwisha. Ukiwa na mita, pima: upande wa waya mnene usome namba ndogo sana, karibu na omu 1 au chini yake, na upande wa waya mwembamba usome maelfu. Mita isiposoma kitu upande huo, waya umekatika. Kusuka koili upya kunawezekana. Wako mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Lakini si kila mtu ana fundi wa namna hiyo karibu, na mwenye boti anataka kwenda baharini.

Hapo kuna njia ya kando. Unaiacha koili ya magneto ilipo, unautenganisha waya wake na pointi, kisha pointi zilezile unazifanya swichi ya koili ya pikipiki inayokula betri. Kondensa inabaki na kazi yake. Majira ya cheche hayabadiliki, kwa sababu bado ni kemu ileile inayofungua pointi zilezile. Gharama yake ni kubeba betri iliyozibwa vizuri, na nidhamu moja: injini ikisimama, kata umeme mara moja. Pointi zikibaki zimegusana na betri ikiwa imeungwa, koili itapata moto mpaka iharibike. Wengine huweka moduli ndogo ya elektroniki ya mashine za kukatia majani, inayochukua nafasi ya pointi na kondensa kwa pamoja. Inafanya kazi iwapo koili ni nzima na nyaya zimeungwa upande sahihi. Sina ugomvi nayo, mradi pointi za asili zifungwe kwenye mfuko na zikae na injini.

Kitu ambacho hakina mbadala ni sumaku. Usipige flaiwili kwa nyundo kuing'oa, tumia kifaa cha kuivutia. Ukiitoa, usiiache mezani wazi kwa miezi. Weka kipande cha chuma laini kiunganishe ncha za sumaku. Chuma cha sumaku za zamani sana hupoteza nguvu kirahisi, na magneto yenye sumaku iliyolegea itakusumbua hata ukiibadilishia kila kitu kingine. Inaweza kuchajiwa upya, lakini inahitaji mtambo wake.

Haya ya kuazima kutoka mashine moja kwenda nyingine si uhuni wa mafundi wa leo. Tazama pwani ya Nova Scotia, Kanada. Mjini Bridgewater, kampuni ya Acadia Gas Engines ilianza mwaka 1908, na jirani yake Lunenburg Foundry ilitoa injini zilizoitwa Atlantic. Wavuvi wa huko na wa Newfoundland walizifunga ndani ya boti zao za mbao kwa vizazi. Nyingi hazikuwa na plagi kabisa. Pointi zilikuwa ndani ya silinda yenyewe, ndani ya moto, na fimbo iliyosukumwa na injini ilizifungua kwa kishindo ili cheche itoke hapohapo. Koili ilikuwa mzunguko mmoja tu wa waya kwenye fungu la nyaya za chuma, na betri. Ncha zikiliwa, mvuvi alitengeneza nyingine kwa tupa. Kizuizi cha ulanga kilichotenga umeme na bodi kikipasuka, alikata kingine.

Na kwa zile injini za mfumo wa plagi, wenye boti waligundua hazina kwenye gari. Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, lilikuwa na koili 4 ndani ya visanduku vya mbao, moja kwa kila silinda, kila moja ikiwa na kitetemeshi chake juu. Yalitengenezwa magari zaidi ya milioni 15. Fanya hesabu ya koili. Ndiyo maana hata leo mtu mwenye injini ya boti ya miaka ya 1910, ambayo kiwanda chake hakipo na jina lake halikumbukwi, anaweza kuiwasha kwa koili ya Ford, ya zamani au mpya iliyotengenezwa kwa mfano uleule, akiunga betri ya volti 6. Haikutengenezwa kwa boti, lakini cheche inatoka.

Kutegemea jina moja la spea kumewahi kutisha hata mataifa. Magneto ya volti kubwa, inayorusha cheche kwenye plagi, ilibuniwa mwaka 1902 na Gottlob Honold katika kiwanda cha Robert Bosch mjini Stuttgart, na kufikia 1914 injini za Uingereza zilikuwa zimezoea mno magneto za Kijerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, mlango ukafungwa, na viwanda vya Waingereza vikalazimika kujifunza haraka kutengeneza vya kwao. Mwaka uliofuata, boti mbili za petroli za Waingereza, Mimi na Toutou, zilivutwa kupitia milima ya Kongo kwa ng'ombe na matrekta ya mvuke hadi Ziwa Tanganyika kupambana na meli za Wajerumani wa Kigoma. Mtu aliyezitunza injini zile kando ya ziwa hakuwa na duka la kukimbilia.

Nina onyo moja, na silisemi kwa kupamba. Seagull iko nje ya boti, upepo unaipiga. Injini ya petroli iliyofungwa ndani ya boti, chini ya mbao, ni habari nyingine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutua chini ya sakafu ya boti na kungoja. Kwa ajili hiyo distributa na alteneta za boti hujengwa ili cheche za ndani zisiwashe mvuke wa nje, na Marekani sheria inadai hivyo. Distributa ya gari inaweza kufanana nayo kwa kila skrubu, isipokuwa hapo. Kwa injini za ndani, azima kondensa, azima pointi, azima plagi. Lakini nyumba ya distributa, alteneta na stata viwe vya boti. Hapo bei nafuu imeshachoma boti na watu.

Basi nawaomba wawili. Wewe fundi, siku injini ya namna hii ikiletwa mbele yako, pima kwanza: mwanya wa pointi, omu za koili, maikrofaradi za kondensa, nyuzi za plagi. Andika namba hizo kwenye daftari, kisha ndiyo useme spea hazipo, kama bado utakuwa na sababu ya kusema. Na wewe mwenye injini ya babu iliyofunikwa gunia, usiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla ya kuitoa magneto na kuihifadhi pakavu. Chuma kingine chote kinaweza kupatikana. Sumaku na flaiwili ya umri ule hazitengenezwi tena.